Mabegi ya Mzee Semina

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitafuti mtu wa kugawana naye. Wapo watakaosema mkuu wa shule naye alichangia. Alichangia, ndiyo, lakini ujinga wake ulikuwa wa kupita tu, kama mafua. Wangu ulikuwa umekaa miaka, umejenga, umezaa, na siku ile uliamua kutoka hadharani ukiwa na begi begani.

Nianze na begi. Ukienda semina, mlangoni unapewa begi jeusi au la bluu, jina la semina limeandikwa mbele, na ndani mna kalamu na chupa ya maji. Mimi ni makamu wa mkuu wa shule, na kwa utaratibu ambao hakuna aliyeupitisha, habari ya semina yoyote ikifika shuleni lazima ipite kwangu kabla ya kumfikia mtu mwingine. Ikishapita kwangu, haifiki mbali.

Nilihudhuria semina ya bustani za shule, na shule yetu imejengwa juu ya mawe. Nilihudhuria semina ya kompyuta wakati kompyuta yetu ilikuwa imefunikwa kitambaa kwa heshima, na tulipokuja kufunua tukakuta ni kasha tupu. Nilihudhuria semina ya kuwafundisha kusoma watoto wa darasa la kwanza, na mimi nafundisha sekondari, wanafunzi wetu wengine wana ndevu kunishinda. Hata semina ya malezi ya wasichana nilikwenda. Nilikuwa mwanamume peke yangu ukumbini, wakanichagua nitoe neno la shukrani, nikasimama nikashukuru kwa niaba ya wasichana wote.

Nyumbani mabegi hayo yalipata kazi. Mke wangu aliweka vitunguu kwenye Uongozi Bora na mkaa kwenye Mazingira Safi. Kuku wetu mmoja alijiingiza kwenye Maadili ya Kazi, akataga, akaatamia, akatoka na vifaranga vyake vyote. Katika semina zangu zote, ni hiyo tu iliyoacha kitu kinachotembea.

Pale shuleni kuna desturi ya mrejesho. Ukirudi semina, wakati wa chai unasimama mbele ya wenzako katika chumba cha walimu unawaeleza ulichojifunza, ili na wao wasikae gizani. Mirejesho yangu ilikuwa na wapenzi wake. Niliwaeleza vitanda. Niliwaeleza maji ya moto yanayotoka ukutani mtu akizungusha koki tu. Niliwaeleza kuku alivyokatwa na nani alipewa paja. Mwalimu wa Historia aliwahi kuniuliza, "Na mada yenyewe je?" Nikamjibu kwamba mada ilikuwa nzito, si ya kuelezwa watu wakiwa na vikombe mkononi. Ndipo wakaniita Mzee Semina. Kichwa kikavimba, nikadhani ni cheo.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, mkuu aliniita ofisini kwake. Mkuu wetu ni mtu wa maneno machache. Miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na anapotaka kusema jambo zito huivua kwa mikono miwili kama anayetoa mtoto kitandani. Aliivua.

"Kemia anahama," akasema.

Kwetu walimu tunaitana kwa masomo. Kemia ni dada mmoja mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa, ambaye tangu atoke chuoni amekuwa akifundisha kemia vidato vyote bila msaidizi wa maana. Darasa lake huwa kimya hata dirisha likiwa limevunjika na nje kuna mpira.

"Anakwenda wapi?"

"Ile shule ya ng'ambo ya mto. Mwisho wa muhula huu. Kanieleza jana kwa adabu zote, mpaka nikamshukuru." Akaipangusa miwani kwa ncha ya shati. "Wewe umetoka juzi kwenye semina ya nini vile?"

"Namna ya kuwafanya walimu wabaki kazini."

"Basi mbakishe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Akiondoka," akaendelea, "kemia ya kidato cha nne utaibeba wewe. Si ndiyo uliyosomea?"

Niliisomea, sikatai. Hata kucheza gwaride niliwahi kufundishwa. Lakini kemia niliiacha siku nilipopewa meza yenye droo, na sasa ninachofundisha ni kidato cha kwanza, mada ya usalama katika maabara: usikimbie, usinuse, usionje. Kidato cha nne walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa vitendo mwaka uleule, watoto wazima wenye maswali. Nilitoka ofisini nikijipa moyo kwamba angalau semina niliyoihudhuria ni ya jambo lilelile. Tatizo ni kukumbuka kilisemwa nini. Nilikumbuka kwamba nilikaa nyuma ya nguzo. Nilikumbuka samaki. Halafu, kwa kujikuna sana kichwa, nikakumbuka mwezeshaji akisema kwamba mwalimu habaki kazini kwa ajili ya mshahara peke yake, bali hubaki kwa sababu ya... na hapo ndipo walipotangaza chakula cha mchana.

Wakati wa chai nikamfuata Kemia maabara. Tunaiita maabara kwa sababu mlangoni pameandikwa hivyo. Nusu ya chumba ni madawati mabovu yaliyopandiana mpaka darini, na nusu ya pili ina ubao, meza ndefu ya saruji, na bomba linalokohoa bila kutoa maji. Alikuwa amesimama mezani anapanga chaki za rangi kwenye kijisanduku chake.

"Dada yangu, nimesikia unatukimbia."

"Sikimbii, Mwalimu. Natembea. Anayekimbia ni aliyeiba."

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaweka sura ya mtu mzima anayejua maisha.

"Tuongee kama ndugu. Kitu gani kinakusumbua? Kiti? Nakupa changu, kile cha dirishani, chenye mto."

"Kile kinachokuangusha kila ukicheka?"

"Kimepigwa misumari."

"Na wewe je, utacheka ukiwa umekaa wapi?"

"Nitasimama. Na zamu nakupunguzia. Hutasimama tena getini asubuhi kupokea wachelewaji."

"Getini napapenda. Ndipo ninapojua nani hakunywa chai kwao."

Nikaona mambo yanakuwa magumu, nikatoa silaha yangu kubwa. "Basi nakufanya mkuu wa idara ya kemia."

Akaacha chaki, akanitazama. "Idara ina nani mwingine?"

"Kwa sasa ina wewe."

"Kwa hiyo nikichelewa kikao nitajigombeza mwenyewe."

"Kwa upole lakini."

Alitabasamu kidogo, kwa huruma zaidi kuliko furaha. Nikauliza lile ambalo ningeanza nalo kama ningekuwa na akili: "Kule wanakulipa zaidi?"

"Sawasawa na hapa. Na ni mbali zaidi."

"Sasa unafuata nini?"

Akanielekeza ubaoni kwa kidevu. Palikuwa na mchoro, na lazima niseme ulikuwa mchoro wa kupendeza. Mrija mrefu wa kioo ulikuwa umesimama wima, tone limening'inia, na chini yake pana chupa yenye maji yaliyopakwa chaki ya rangi ya waridi. Ni lile jaribio ambalo dawa hudondoshwa tone kwa tone mpaka maji yasiyo na rangi yageuke waridi. Alikuwa amechora hadi kivuli cha chupa.

"Jana mtoto mmoja kanyoosha mkono," akasema. "Akaniuliza, mwalimu, hiyo rangi huja ghafla au polepole? Nikamjibu, ghafla. Nikaandika na ubaoni. Halafu nikageuka ukutani kama natafuta dasta."

"Kwani umekosea? Si ghafla?"

"Sijui, Mwalimu. Sijawahi kuiona."

"Chuoni je?"

"Chuoni meza moja tulikuwa watu wengi, na mimi ni mfupi. Nilichohitimu nacho ni visogo vya wenzangu. Ninavyofundisha nimevisoma. Nimeomba kwenda mafunzo ya vitendo tangu mwaka wa kwanza, kila nikiuliza naambiwa nafasi haijatokea." Akainama akaokota kipande cha chaki kilichoanguka. "Mwisho wa mwaka hawa watoto wataingia chumba cha mtihani wawekewe vioo vya kweli mbele yao, na mimi nimewapa chaki. Kule ng'ambo kuna mama mmoja mtu mzima, mwalimu wa kemia. Kaniambia nikihamia atakaa na mimi maabara kila Jumamosi mpaka mkono wangu uache kutetemeka. Basi. Sina kingine ninachofuata."

Msomaji, wewe umeshaona tunakokwenda. Hata lile bomba linalokohoa nadhani lilikuwa limeona. Mimi nilipiga paja kwa furaha.

"Dada yangu, kumbe shida ni ndogo hivyo. Jumatatu naondoka, nakwenda chuo cha ualimu. Mafunzo ya wiki nzima, majaribio ya kemia kwa mikono. Shule yetu imepewa nafasi moja. Nikirudi nitakupa mrejesho."

Akaichukua chaki ya waridi, akailaza sandukuni polepole, akafunika.

"Nani kakuchagua?"

"Hiyo nafasi ilipita kwangu."

"Ikaishia hapo."

"Ikaishia hapo," nikakubali, nikiwa bado natabasamu.

"Na zile nyingine nilizokuwa naziulizia?"

"Zile... nadhani na zenyewe zilikuwa njia hiyohiyo."

"Utanieleza kitanda," akasema.

"Nitakueleza kila kitu."

"Asante, Mwalimu. Kengele imelia."

Kengele haikuwa imelia. Nilitoka nikijipongeza kwamba nimemtuliza.

Nyumba yetu iko nyuma ya shule, kwa hiyo mchana hula kwangu. Mke wangu ni mshonaji, cherehani yake iko sebuleni, na mazungumzo yetu mengi hufanyika yeye akiwa ameinama juu ya kitambaa na pini mdomoni. Kwenye kochi lilikuwa begi langu jipya, la bluu, lile la juzi, limeandikwa kwa herufi kubwa: MWALIMU ABAKI. Alikuwa ameshanipangia humo nguo za safari ya Jumatatu, pajama juu kabisa.

Nikamsimulia habari za Kemia, kwa madoido, nikitarajia sifa. Nilipofika kwenye mrejesho, cherehani ikanyamaza. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Baba watoto, hebu nikuulize, na ujibu taratibu. Pale shuleni kemia anafundisha nani?"

"Kemia."

"Na wewe unafundisha nini?"

"Na mimi ninayo kidogo. Kidato cha kwanza. Usalama."

"Unawaambia nini?"

"Wasionje kitu."

"Na hilo ndilo unalokwenda kulifanyia mazoezi wiki nzima? Kutoonja?"

Nikasema kwamba makamu wa mkuu anapaswa kuwa na upeo mpana. Akatazama chini ya meza, kwenye Uongozi Bora iliyojaa vitunguu, akatazama mlangoni, ambako Mazingira Safi ilikuwa imesimama na mkaa wake, akanirudia mimi. Sikuhitaji kuelezwa. Upeo wangu wote ulikuwa pale sakafuni, umepangwa.

"Yule binti anaondoka kwa sababu yako," akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. "Wewe ndiye uliyekaa mlangoni miaka yote, kisha unamuuliza kwa nini hapiti."

Nikachezea kifungo. Halafu, nakiri, kilichonitoka mdomoni hakikuwa cha mtu mwenye majuto.

"Lakini mama watoto, kule kuna maji ya moto."

"Nitakuchemshia."

"Yanatoka ukutani."

"Nitapanda kwenye stuli nikumwagie kutokea ukutani. Toa nguo humo. Peleka begi na nafasi yake kwa mwenyewe, uende sasa hivi, kabla akili haijakuondoka tena."

Alimwaga nguo zangu kochini yeye mwenyewe. Nikalitundika begi begani, nikarudi shule nikiwa mtu mpya. Njiani nilijiandalia hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye neno dhamiri mara kadhaa. Niliwaza jinsi mkuu atakavyonishika mkono, jinsi Kemia atakavyofuta chozi, jinsi Historia atakavyohadithia kizazi kijacho.

Nikampitia Kemia darasani, nikamwomba tuongozane kwa mkuu. Tukaingia. Mkuu alikuwa anakula ndizi, akaiweka kando.

"Mkuu," nikaanza, "nimejitafakari. Nafasi ya Jumatatu haikuwa yangu. Dhamiri yangu inanituma kumwachia mwenye somo lake. Aende Kemia."

Kemia aligeuka akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi akivuka barabara kwa kufuata alama. Mkuu akavua miwani kwa mikono miwili.

"Wazo zuri," akasema. Kisha akaitazama ndizi yake. "Lakini lina mtego. Kemia, usinielewe vibaya. Leo unatakiwa na shule moja. Nikikupeleka, ukarudi unazijua zile kazi za mikono, utatakiwa na kila shule yenye maabara. Tukusomeshe sisi, wafaidi wengine? Nikikuacha hivi, pengine ukifika kule wakaona hujui vioo, watakurudisha."

"Hawatanirudisha, Mkuu," akasema Kemia. "Wanajua kwamba sijui. Nimewaambia. Ndiyo maana wamenitengea Jumamosi."

"Na hapa ukipelekwa, utabaki?"

"Nikipelekwa, sina cha kufuata kule."

"Unasema leo. Ukishajua, mambo mengine."

Sasa, mtu mwenye hotuba yenye dhamiri ndani alipaswa kuingilia kati hapo. Mkanda wa begi ulikuwa umeshashuka hadi kwenye kiwiko changu, nusu ya safari ya kumfikia mwenyewe. Wallahi nilikuwa nimedhamiria. Lakini niliposikia sauti ya mkuu inayumba, nikaona kijitundu, na kupitia kijitundu hicho nikasikia maji ya moto yanatiririka.

"Hapo mkuu ana hoja," nikasema.

Kemia alinitazama tu kwa yale macho yasiyopepesa, na mtu mwenye akili angeishia hapo.

"Ninachosema ni kwa faida ya shule," nikaendelea, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaupandisha mkanda tena begani. "Mwalimu akisomeshwa sana huota mbawa. Wakishamwona ana ujuzi, wanamnyemelea, wanamwiba. Sisi tunabaki na viti. Kwa hiyo busara ni kumpeleka mtu ambaye tuna uhakika haondoki. Mtu aliyejaribiwa akaonekana." Nikakohoa kidogo. "Mimi, kwa mfano."

Nilikuwa nimesimama katikati ya ofisi, nimebeba maandishi MWALIMU ABAKI ubavuni, nimeyageuza kwa nje ili yasomeke.

Kemia akatabasamu, tabasamu lake la kwanza la siku ile lisilo na huruma ndani yake. Jibu alilolitoa ndilo lililomfanya mkuu ainue simu na kubadilisha jina la anayekwenda chuoni kabla miwani haijarudi puani, huku mabega yanamtikisika. Ndilo lililonishusha begi, ambalo leo limetundikwa maabara na ndani yake mna mirija ya kioo iliyofungwa kwa vitambaa vya mke wangu. Kemia alikwenda, akarudi, na akaenda tena mwaka uliofuata, na yale madawati mabovu tuliyatoa wenyewe tukapata chumba kizima. Rangi ya waridi ameiona. Ameniambia kwamba huja ghafla, ila ukiitikisa chupa hutoroka. Unaongeza tone, inakuja tena, na safari hiyo inabaki. Naye amebaki, na kemia ya kidato cha nne sijaibeba. Semina siku hizi zinapita kwangu mbio, zinakwenda kwa wenye masomo yao, na mirejesho imekuwa mirefu na ya maana, hakuna anayetaja kitanda, mpaka chai inapoa.

Jibu lenyewe ningeweza kulipunguza makali kidogo nikalisimulia kwa heshima yangu. Lakini mkuu alilisikia, na hulirudia kila anapokuja mwalimu mgeni, kwa hiyo nalitoa kama lilivyotoka.

"Mwalimu," akasema Kemia, "hapa shuleni hakuna aliyesomeshwa kukushinda wewe. Mbona haijatokea hata shule moja ya kukuiba?"